Mstari wa Buluu Katika Damu Yangu

Kama umeketi kwenye benchi la maabara na bahasha mapajani, hujui uifungue au umsubiri daktari, sogea kidogo tukae pamoja. Mimi nimekaa kwenye mabenchi hayo mvua mbili na viangazi viwili, na kila moja nalijua mahali linapobana. Siandiki haya ili nikufundishe udaktari, maana udaktari sina. Nilicho nacho ni udadisi, ambao mume wangu Guyo anauita kiherehere, na kama si kiherehere hicho leo figo zangu zingekuwa zimekwisha nikidungwa sindano za ugonjwa usio wangu.

Naitwa Talaso. Kazi yangu ni kupima maziwa ya ngamia. Kikundi chetu cha akina mama hapa mjini Isiolo hupokea mitungi kila asubuhi kutoka maboma ya mbali, na hakuna mtungi unaovuka meza kabla sijausemea. Kwanza nanusa. Kisha natia kijiko kimoja cha maziwa kwenye kibakuli cheupe, naongeza kijiko kimoja cha spiriti, nazungusha. Maziwa mazima hubaki laini. Yaliyoanza kuchacha hutoa punje ndogo ndogo zinazonata kwenye kibakuli, kwa sababu protini iliyomo haitaki tena kuelea, imeanza kushikana. Kuna kipimo kingine cha kuyachemsha kidogo kwenye kichupa cha kioo kilichosimamishwa ndani ya maji ya moto. Nacho kinatafuta hilo hilo: je, yataganda?

Yakiganda, nausukuma mtungi kando na kusema, "Imekataa." Neno moja. Mwenye maziwa, aliyeamka kabla ya adhana kumkamua ngamia wake, hubaki amesimama upande wa pili wa meza akinitazama, nami nimeshashika mtungi wa mwingine. Nilifanya hivyo miaka kumi na moja bila kujiuliza yule mama anasikia nini moyoni.

Maumivu yalianza mwanzoni mwa kiangazi. Niliinua mtungi wa lita ishirini, kitu cha kila siku, na mgongo ukalia kama kijiti kikavu. Nikasema nimejitegua. Wiki zikapita na mgongo haukusikia mafuta ya kuchua wala kitambaa cha moto. Kisha ukaja uchovu ambao sijawahi kuujua. Nilikuwa nafagia chumba kimoja na kukaa chini nipumzike kabla ya kufagia cha pili, na nyumba yetu ina vyumba viwili tu.

Nikaenda kliniki moja ya mjini. Wewe wa Isiolo unajua tayari nitakachosema. Hapa kwetu mtu akiumwa mgongo, akiumwa viungo, akichoka, akitoka jasho, jibu lipo mlangoni linamsubiri: brusela. Na ugonjwa huo upo kweli, usije ukasema Talaso ameukana. Tunaishi na mifugo na kunywa maziwa yasiyochemshwa, tutaukosaje?

Niliomba nione kipimo kikifanyika. Yule mhudumu alishangaa, lakini akanisogezea kiti. Aliweka tone la maji ya damu yangu kwenye kigae cheupe, akatia tone la dawa ya buluu, akakitikisa polepole. Nikainamia. Baada ya muda mfupi zikatokea punje. Nilicheka peke yangu, maana ilikuwa kazi yangu ile ile, sema kibakuli kimekuwa kidogo. "Imekataa," nikasema. Yeye akaandika kwamba brusela ipo.

Nikadungwa sindano kila siku, na vidonge vya wiki sita juu yake. Vile vichupa vya sindano, vya kioo safi, niliomba nipewe vikiwa vitupu nikavihifadhi kwenye mkebe. Sijui kwa nini. Mtu wa kupima hawezi kuona kichupa kizuri kikitupwa.

Sikupona. Nikarudi, nikapimwa, punje zikatokea, nikadungwa tena. Mara ya tatu nilikuwa nimeshapata mshtakiwa wangu, na hapa ndipo pananiuma mpaka leo.

Mama yangu anaishi na kaka yangu Halkano upande wa Ngaremara, na ngamia wao ndio walionilea. Kila juma Ayyo, ndivyo tunavyomwita mama, alinitumia kibuyu cha maziwa yaliyofukizwa moshi. Miongoni mwa ngamia hao alikuwepo jike mzee mwekundu, tukimwita Diimtu, ambaye mwaka ule alitupa mimba. Nilikuwa nimesikia kwenye semina kwamba mnyama mwenye brusela hutupa mimba. Nikajumlisha moja na moja, nikapanda mpaka bomani na mgongo wangu mbovu, nikampata mama akisafisha vibuyu kwa kijinga cha moto.

"Ayyo, nagaa?" nikamsalimu.

"Nagaa. Umekonda. Kaa chini ukunywe."

"Ayyo, hiyo maziwa ndio inaniumiza. Nimepimwa mara tatu. Hiyo yote mchemshe. Na Diimtu auzwe, yule ndiye mgonjwa."

Mama aliweka kibuyu chini. Hakupaza sauti, na mimi namjua, asipopaza sauti ndio amekasirika. "Mimi nimelea watoto saba na hiyo maziwa. Hakuna mmoja amelala. Kuchemsha maziwa ya ngamia ni kuiua. Wewe umekaa mjini na hako kabakuli yako, sasa umeona maziwa ya mama yako ni sumu?"

"Si mimi nimesema. Ni kipimo."

"Kipimo imemuona Diimtu wapi? Imemjulia wapi?"

Nikamgeukia Halkano. Yeye aliniogopa kuliko alivyomwogopa mama, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na karatasi. Diimtu akapelekwa mnadani juma lililofuata. Vibuyu vikaacha kuja, na simu nikipiga anapokea Halkano.

Mvua za vuli, ambazo sisi Waborana tunaziita hagaya, zikanyesha vizuri mwaka ule, na mimi nikazitazama kupitia dirisha. Kwa miezi miwili sikuonja maziwa yoyote, hata ya chai, na bado niliendelea kukonda. Viganja vikawa vyeupe. Kiu haikuisha. Ubavu mmoja uliuma nikipiga chafya. Na kulikuwa na jambo lingine ambalo watu wa adabu hawaliandiki, lakini mgonjwa akiona haya atakufa na haya zake: mkojo wangu ulikuwa na povu. Si povu la kupita. Lilikaa, zito, kama la maziwa yanayomiminwa kutoka juu, na ukimwaga maji linabaki.

Povu nalijua. Maji matupu hayatoi povu linalokaa. Kuna kitu ndani yake.

Nikaenda hospitali nyingine, nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili mpaka saa saba. Kando yangu alikuwa mzee mmoja Mturkana aliyekuja kwa sababu ya kifua, akaniangalia mara nyingi kisha akaniuliza, "Mama, wewe unahesabu nini?" Kumbe nilikuwa nahesabu chupa za mkojo kwenye trei. Zilikuwa kumi na tisa. Ya kwangu peke yake ilikuwa na kofia ya povu.

Wakachovya kijiti chenye viraka vya rangi. Nikauliza kiraka kipi ni cha protini, nikaonyeshwa. Kilibaki manjano. "Hakuna protini, mama, mkojo iko sawa," akasema daktari kijana aliyekuwa na watu wengi mlangoni. Kisha akaangalia karatasi zangu za zamani. "Ni hiyo brusela imekataa kuisha."

Nilitoka nikiwa na hasira, na hasira yangu si kwa daktari. Ilikuwa hasira ya mpimaji. Pua inasema maziwa yamechacha, kibakuli kinasema mazima. Pale mezani kwangu mambo yakiwa hivyo, simwamini yeyote kati ya hao wawili. Natafuta kipimo cha tatu.

Siku iliyofuata baada ya sala ya alasiri nikawasha jiko nje, nyuma ya nyumba. Nikachukua kopo bovu la rangi, nikatia maji, nikasimamisha ndani yake kichupa kimoja cha sindano zangu chenye mkojo wa asubuhi. Najua ni najisi. Kopo na kichupa nilikuwa nimeapa kuvitupa, na nguo niliyovaa nimeiweka ya kufuliwa. Guyo, ambaye ni dalali wa mbuzi na amezoea kuona mambo ya ajabu sokoni, alipita akasimama.

"Talaso. Sasa umefika pahali pa kupika mkojo?"

"Sipiki. Napima."

"Majirani wakiuliza niseme ni supu?"

"Sema mke wako ana wazimu, wataamini haraka. Chuchumaa uone."

Akachuchumaa, maana pamoja na maneno yake yote Guyo ni mtu mwema. Maji yalipokuwa ya moto, bado hayajachemka, mkojo ukaanza kuwa na ukungu. Ukawa mweupe, kisha mzito, na vipande vikashuka chini ya kichupa. Moyo ulinidunda kwa furaha na kwa hofu, vyote pamoja. Kijiti kilisema hakuna, na hii hapa imeganda mbele ya macho yangu.

Lakini hayo siyo yaliyonishangaza zaidi. Maji yakachemka sana, yakawa yanaruka ruka kwenye kopo, na ule weupe ukaanza kuondoka. Ukapungua, ukapungua, mpaka mkojo ukawa karibu safi kama mwanzo. Nikaondoa kopo motoni. Ulipopoa, ukungu ukarudi.

Maziwa yakiganda yameganda. Yai likiiva halirudi kuwa bichi. Miaka yote sijawahi kuona kitu kinachoganda kwa moto kidogo, kikayeyuka kwa moto mwingi, kikaganda tena kikipoa. Nilikaa pale chini nikisahau mgongo. Sitakuficha: kwa dakika chache nilisahau kwamba kitu hicho kinatoka mwilini mwangu, nikawa nataka tu kujua ni nini.

Palikuwa na mtu mmoja wa maabara mjini, Mwenda, Mmeru mtaratibu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye zamani alituletea spiriti ya kupimia. Nikaenda kwake na chupa mpya na maelezo yangu. Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Nilipofika mahali pa kusema "kisha ukayeyuka," aliacha kuandika.

"Rudia hapo, mama. Iliyeyuka ikiwa imechemka?"

"Ndiyo. Na ikarudi ikipoa."

"Ulitia kitu? Sabuni? Maziwa ilikuwa kwa hiyo chupa?"

"Mwenda, mimi napima maziwa ya watu kila siku. Unafikiri sijui kuosha chupa?"

Alichovya kijiti chake, kikabaki manjano kama kile cha hospitali. Kisha akamimina mkojo kidogo kwenye kioo chembamba na kudondosha asidi, baridi, bila moto. Ukawa mweupe pale pale, mweupe kama maziwa. Akaviweka kando kwa kando mezani, kijiti na kioo.

"Huyu anasema hakuna, huyu anasema iko," nikasema. "Nani ni mwongo?"

"Hakuna mwongo. Hii kijiti inajua protini moja tu, hiyo ya aina ya ute wa yai. Ikikutana na ingine haioni. Hii asidi inaangusha zote, lakini haijui jina ya yeyote."

"Na hiyo yangu jina lake nani?"

"Hiyo sina mashini ya kuuliza." Akavua miwani. "Lakini hiyo tabia ya kuganda na kuyeyuka, nilisomea kwa kitabu nikiwa chuo. Sijawahi kuiona. Mama, kesho usiende kudungwa sindano ya brusela. Nenda Meru na barua yangu, na wewe usikawie."

"Na brusela? Mara tatu imeonekana."

"Kile kipimo ya kigae haioni mdudu. Inaona askari wenye mwili ilitengeneza kupigana naye. Wewe umekunywa maziwa tangu utoto, labda ulishikwa ukapona na hukujua. Fisi akipita bomani anaacha nyayo. Sisi tunaona nyayo tunasema fisi iko. Kumbe alienda zamani."

Nikamwuliza, "Na ngamia akitupa mimba?"

"Ngamia inaweza kutupa mimba kwa sababu mingi, mama. Alipimwa?"

Hakupimwa. Mimi, mpimaji, nilimuuza ngamia wa mama yangu bila kumpima.

Barabara ya Meru inapanda mpaka masikio yanaziba, na baridi ya kule iliingia kwenye mifupa iliyokuwa na matundu tayari, ingawa wakati ule sikujua. Kwenye hospitali kubwa walichukua damu chupa tano. Wiki moja baadaye nikarudi na Guyo, tukaketi kwenye benchi la chuma linalobana hasa chini ya paja la kushoto. Nikaomba, kabla ya daktari, nimwone aliyepima. Walinikatalia mara mbili. Mara ya tatu akatoka mwenyewe, dada mmoja mchangamfu, Kendi, akasema hajawahi kuona mgonjwa anayetaka kuonana na maabara badala ya daktari.

Alinionyesha kipande cha kitu laini kama ngozi nyembamba, chenye michirizi ya buluu. Wanaweka tone la maji ya damu upande mmoja, akaniambia, wanapitisha umeme, na protini zinatembea. Kila aina ina mwendo wake, nyingine hufika mbali, nyingine huchoka njiani. Kisha wanatia rangi ili zionekane zilipofikia.

"Hii ni ya mtu mwenye afya," akasema. Mwishoni mwa mchirizi palikuwa na ukungu wa buluu uliotandaa, mwepesi. "Hawa ni askari wa mwili. Wako aina mingi sana, kila mtu na mwendo yake, kwa hivyo wanatawanyika. Sasa angalia yako."

Yangu haikuwa na ukungu. Ilikuwa na mstari mmoja, mwembamba, wa buluu iliyokolea karibu kuwa nyeusi, umekatwa kama kwa kisu.

"Wamesimama pahali pamoja," nikasema.

"Wote ni mmoja, mama. Mmoja aliyejirudia."

"Mlijuaje ni yupi?"

Akafurahi nilipouliza hivyo, nikaona. Wanagawa damu hiyo hiyo kwenye njia sita, akasema, na kila njia wanaipa dawa inayoshika aina moja tu ya protini. Ikimkuta wake inamkamata asiondoke, wengine wote wanaoshwa. Njia itakayobaki na rangi ndiyo yenye jibu.

"Kama chapa," nikamwambia. "Kisimani unaweza kuwa na ngamia mia tatu wenye rangi moja. Mtu wa ukoo hawajui wote, anajua chapa ya ukoo wake. Anavuta wa kwake, wengine wanaenda."

"Ndio hivyo kabisa. Hii nitawaambia wanafunzi."

Nilitoka pale nikijisikia mtu mkubwa. Kisha daktari akatuita ndani, akafunga mlango, na ukubwa ukaisha. Ni saratani ya uboho, akasema, ile nyama ya ndani ya mfupa inayotengeneza damu. Chembe moja imeasi na inajizalisha, na ule mstari ni uchafu wake. Vipande vyake vinapita kwenye figo na kuzikaba. Ndilo lile povu. Figo zimeanza kuchoka, lakini hazijalala. Miezi miwili mingine ya kudungwa sindano zisizo zake, na tungekuwa tunaongea mambo mengine. Haimaliziki kabisa, akasema, lakini inarudishwa nyuma, na watu wanaishi nayo.

Guyo aliuliza kama inaambukiza. Kisha akauliza kama ni ya maziwa.

"Hapana," daktari akasema. "Maziwa haihusiki hata kidogo."

Nililia hapo. Guyo alidhani ni saratani ninayoilia, akanishika bega. Sikumwambia ni ngamia.

Jioni hiyo hiyo nilimpigia Halkano, nikasema, mwambie Ayyo maziwa hayana kosa, Diimtu hakuwa na kosa, kosa lilikuwa langu. Nikasikia akimwambia. Halkano akarudi kwenye simu. "Amesema amesikia."

Matibabu yalianza katikati ya kiangazi. Kila Alhamisi sindano kwenye ngozi ya tumbo, vidonge vingi vya asubuhi, na mara moja kwa mwezi dripu ya mifupa. Nikikuambia siku zilikuwa ngumu utasema unajua, basi nikueleze zilivyokuwa ngumu. Zile dawa zilinipa nguvu za uongo siku mbili, nikaosha kuta, nikagombana na Guyo juu ya chumvi, juu ya viatu, juu ya namna anavyopumua. Siku ya tatu naanguka kama hema lililong'olewa kigingi. Uso ukavimba ukawa mviringo, na watu sokoni wakanipongeza kwa kunenepa. Vidole vya miguu vikafa ganzi. Siku moja nilitembea kutoka dukani mpaka nyumbani na ndara moja, sikujua nyingine imebaki wapi, mpaka Guyo akaitazama miguu yangu, akatoka kuitafuta. Aliirudisha akiwa ameishika kwa heshima kama simu ya mtu.

Lililoniuma zaidi ni pua. Dawa ziliniacha na ladha ya chuma, na harufu zikaondoka. Hawa, rafiki yangu Msomali aliyeshika meza yangu ya kupima, alikuja na mtungi mtupu uliofukizwa moshi. "Abaayo, dada yangu, nusa hii uniambie ni moshi wa mti gani." Nikanusa. Hapakuwa na kitu. Akaurudisha kikapuni haraka, akasema, "Haye, ni mafua tu hiyo, itaisha wallahi," na sote tulijua si mafua. Tangu siku hiyo alikuwa ananipitia kila Jumamosi na mtungi mwingine, bila kueleza. Juma la kumi na nne nikasema, "Huu ni mzeituni wa mlimani." Hawa akaketi chini akajifunika uso kwa shela.

Kila mwezi walipima upya ule mstari. Nikawa nasubiri matokeo kwa hamu ambayo Guyo hakuielewa. Yeye aliogopa bahasha, mimi nilitaka kuona. Ukikaa na kitu kisichoonekana kinachokula mifupa yako, kukiona kimechorwa kwa buluu ni nafuu. Unajua unamtazama nani. Basi nawe uliza. Usiulize tu "nimepatikana na nini." Uliza kipimo hiki kinaona nini, na ni nini ambacho hakiwezi kuona. Wengi watakujibu vizuri. Mimi sikuuliza mara tatu, na ngamia akalipa.

Mvua ndefu, ganna, zilikuwa zingali zikinyesha nilipomaliza duru ya nne ya dawa. Kendi akanipa nakala mbili, ya kwanza kabisa na ya sasa. Mstari ulikuwa bado upo, lakini umekonda, wa kijivu, kama uzi uliofuliwa mara nyingi, na kando yake ule ukungu wa askari wengine ulikuwa umeanza kurudi. Figo zilikuwa zimepata pumzi. Daktari akaniruhusu nirudi kazini asubuhi chache kwa wiki, ila nisile wala kunywa chochote kibichi, kwa kuwa askari wangu bado ni wachache. Maziwa lazima yachemke. Hayo yote nilimwambia Halkano kwa simu.

Asubuhi yangu ya tatu mezani, nilikuwa nimeinamia kibakuli. Mtungi ukawekwa mbele yangu, na mkono uliouweka niliujua kabla sijainua macho. Mama alikuwa amefika mwenyewe, na matope ya ganna mpaka magotini. Nyuma yake Halkano alikuwa anatazama pembeni.

"Pima," akasema.

Nikafanya kazi yangu. Nikanusa. Nikatia kijiko cha maziwa, kijiko cha spiriti, nikazungusha. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya kwa miaka kumi na moja. "Ayyo, zunguka huku," nikamwambia. "Njoo uone mwenyewe." Akaja upande wangu wa meza, akainama. Nikamwinamishia kibakuli kwenye mwanga. Laini, hamna punje hata moja.

"Sasa yako," akasema. "Halkano amesema umepewa picha."

Nikazitoa zile karatasi mbili kwenye mkoba. Mama hajui kusoma, lakini amesoma chapa za ngamia maisha yake yote, gizani na vumbini. Alizishika moja kila mkono. Nikamwonyesha mahali. Aliweka kidole kwenye ule mstari mweusi wa kwanza, akakaa nao muda mrefu, wanawake wa foleni wakinyoosha shingo.

"Ni huyu?" akauliza. "Huyu ndiye mlisema ni Diimtu?"

"Ndiyo, Ayyo. Ni huyu. Nisamehe."

Akahamisha kidole kwenye karatasi ya pili, kwenye ule uzi wa kijivu. "Na huku ndiye huyu huyu?"

"Ndiye. Bado yupo. Lakini amekonda."

Mama alizikunja karatasi, taratibu, akanirudishia. Akautazama mtungi wake, kisha akamtazama Hawa aliyekuwa karibu na jiko letu la chai.

"Wewe," akamwambia, "nipe hiyo sufuria."

Akaisuuza mwenyewe, akamimina maziwa ya ngamia wake ndani, akaiweka motoni. Alisimama juu yake, yule mwanamke aliyesema kuchemsha ni kuua, akikoroga ili yasimwagike, mpaka yakachemka.